Jinsi ya Kula Vizuri katika Migahawa ya Kiasia Mjini Springfield, Missouri

Springfield ni mji wa wakazi karibu 170,000 kusini-magharibi mwa jimbo la Missouri, na mgeni anayetoka pwani ya Afrika Mashariki hatarajii kukuta hapo migahawa ya Kichina, Kithai, Kivietinamu, Kijapani na Kihindi kando ya barabara zilezile zenye vituo vya mafuta na maduka ya matairi. Nimehudumu mezani kwa miaka sita katika migahawa miwili ya aina hiyo, mmoja wa Kichina na mwingine wa Kithai. Katika muda huo nimewaona ndugu zetu wengi, wanafunzi, wauguzi na madereva wa malori, wakiingia na njaa na kutoka bila kuridhika: ama wameagiza wasichokitaka, ama wamekula kitu ambacho dini yao imekikataza bila wao kujua, ama wameshtushwa na bili. Yote hayo yanaepukika kwa mtu anayejua la kuuliza na wakati wa kuliuliza.

Hatua ya 1: Tambua chakula kimepikiwa nani

Menyu ya mgahawa wa Kiasia katika mji mdogo wa Marekani huwa na matabaka mawili, hata kama imechapishwa kwenye karatasi moja. Tabaka la kwanza ni vyakula vilivyobuniwa ili viwapendeze wenyeji, ambavyo kwa kawaida ni vya kukaanga na vyenye mchuzi mtamu. Tabaka la pili ni vyakula ambavyo wenye mgahawa na wapishi wao hula wenyewe, na mara nyingi utavikuta kwenye ukurasa wa mwisho, kwenye ubao ulioandikwa kwa mkono, au havikuandikwa popote.

Usilidharau tabaka la kwanza, hasa hapa Springfield. David Leong, mzaliwa wa China aliyefika Marekani mwaka 1940 na kutumikia jeshi la nchi hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia, alifungua mgahawa wake mjini hapa mwaka 1963. Kabla haujafunguliwa, jengo lake lilishambuliwa kwa baruti; akalitengeneza, akafungua. Wateja wake walikuwa watu waliozoea kuku wa kukaanga, basi akawakaangia vipande vya kuku visivyo na mifupa, akavimwagia mchuzi mzito wa kahawia uliotiwa sosi ya chaza, kisha akanyunyizia korosho na majani ya vitunguu. Alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 99, na kuku wake wa korosho sasa anapatikana karibu kila mgahawa wa Kichina mjini. Kwingineko Marekani, chakula chenye jina hilohilo hupikwa kwa kuku asiyekaangwa kwa mafuta mengi, akigeuzwageuzwa haraka na mboga kwenye karai la moto. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kuku wa korosho wa hapa si chakula halisi amekosea mahali pa kukipima: ni chakula cha Springfield, na ukiwa hapa unapaswa kukionja angalau mara moja. Mimi ninayetoka nchi ambayo Mtwara na Lindi zinaishi kwa korosho, na ambako sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, siwezi kuibeba sahani hiyo bila kujiuliza zile korosho za juu zilichumwa shamba gani.

Ukitaka tabaka la pili, mwulize mhudumu swali hili: wapishi wenu hula nini wanapomaliza kazi? Uliza saa ambayo mgahawa umetulia, wala usikasirike ukiambiwa kwamba leo hakipo.

Hatua ya 2: Piga simu kabla ya kutoka nyumbani

Migahawa mingi ya familia hufungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni, na huwa na siku moja ya mapumziko katika wiki. Mchana kuna bei nafuu za mlo kamili, ambazo huondolewa alasiri. Mwenye bajeti ndogo na aende mchana. Epuka kufika dakika kumi na tano kabla ya kufungwa, kwa sababu wakati huo mafuta yanachujwa na karai zinasuguliwa, na chakula utakachopata kitakuwa cha haraka.

Hatua ya 3: Subiri upelekwe mezani

Mlangoni kwa kawaida kuna kibao kinachokuomba usubiri. Simama hapo, utaje idadi yenu, upelekwe. Maji huletwa bila malipo, yakiwa yamejaa barafu hata wakati wa theluji, na unaweza kuomba yasiyo na barafu.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu nyama, mafuta na pombe kabla ya kuagiza

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili. Usiulize swali pana la kama chakula ni halali, kwa maana kijana anayekuhudumia huenda neno hilo amelisikia mara moja tu maishani, naye atakujibu ndiyo kwa adabu. Uliza maswali matatu yaliyo wazi: ndani mna nyama gani, kimekaangwa kwa mafuta gani, na je, mchuzi umetiwa mvinyo au pombe ya mchele?

Katika mgahawa mmoja, nilipokuwa mgeni kazini, nilimhakikishia dada mmoja kutoka Mombasa kwamba supu ya pilipili na siki haina nguruwe, kwa kuwa menyu ilitaja tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na uyoga peke yake. Nilipoingia jikoni mpishi alinionyesha bakuli la nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, ambavyo hutiwa katika supu hiyo kila siku. Nilirudi mbio, dada alikuwa ameshashika kijiko, ila hajakitia mdomoni. Tangu siku hiyo sijibu swali la nyama bila kuingia jikoni, nawe usilikubali jibu la mhudumu ambaye hajaondoka mezani pako kwenda kuuliza.

Roli za kukaanga zinazoitwa egg roll mara nyingi huwa na nguruwe ndani, ingawa jina lake halisemi hivyo. Supu ya ramen, yaani tambi za Kijapani, aghalabu hutokana na mifupa ya nguruwe. Michuzi ya kahawia ya Kichina mara nyingi hutiwa mvinyo wa kupikia, na mchuzi mtamu wa Kijapani uitwao teriyaki hutiwa pombe ya mchele iliyotiwa utamu. Karibu kila mchuzi wa Kithai una sosi ya samaki, jambo linalomhusu asiyekula chochote chenye uhai. Tena, kuku na ng'ombe wa migahawa hii kwa kawaida hawakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Mwenye kulishika hilo kikamilifu achague samaki, kamba au mboga, na aombe karai lisafishwe kwanza. Ombi hilo si usumbufu. Wapishi niliofanya nao kazi walilikubali kila lilipotolewa mapema na kwa upole, kwa sababu nao wamekulia katika jamii zenye miiko ya chakula.

Mwenye mzio wa karanga au korosho aseme hivyo kabla ya neno lingine lolote.

Hatua ya 5: Anza na ladha unazozijua

Mama mdogo alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, alikuwa amekwisha kata shauri kwamba angekula mkate na ndizi mpaka siku ya kurudi. Nilimpeleka mgahawa wa Kithai, nikamwagizia mchuzi wa massaman wenye kamba badala ya nyama. Alionja, akatulia, akaonja tena. "Mwanangu," akasema, "huu si mchuzi wa tui?" Ni ndugu yake kabisa: una tui la nazi, viazi, karanga, ukwaju, iliki na mdalasini, na jina lake linaaminika kutokana na neno la zamani la kuwaita Waislamu, kwa kuwa viungo vyake vilifuata njia za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, ambao pwani yetu nayo inawafahamu. Kwa mtu wetu anayeingia mgahawa wa Kithai kwa mara ya kwanza, naamini hakuna mlango ulio bora kuliko huo.

Kwa Wavietinamu, agiza pho, supu ya tambi za mchele ambayo mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi, mdalasini na karafuu. Bakuli litafika likifuka moshi, na pembeni sahani yenye majani ya rehani, choroko zilizochipua, kipande cha ndimu na pilipili mbichi. Onja mchuzi mtupu kwanza. Ukiona vipande vya nyama bado vyekundu, vizamishe kwa kijiko na usubiri dakika moja, kwani vimekusudiwa kuivia humo bakulini. Usiyependa hivyo, omba nyama iliyoiva tangu jikoni. Kisha chambua majani kwa vidole, kamua ndimu, na sosi za chupa ziwe za mwisho.

Mgahawa wa Kihindi hauhitaji maelezo mengi kwa anayejua biriani, sambusa na chapati.

Kuhusu ukali, migahawa ya Kithai hukuuliza namba, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5. Namba hizo hazilingani kutoka mgahawa hadi mgahawa, kwa hiyo ziara ya kwanza agiza 2 na uombe pilipili kando.

Hatua ya 6: Kuleni kwa pamoja

Wamarekani huagiza kila mtu sahani yake, lakini vyakula vingi vya Kiasia vilikusudiwa kuwekwa katikati, kama sisi tunavyokula kwenye sinia. Mwambie mhudumu kwamba mnagawana, na aongeze sahani tupu. Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, kwa sababu kwa Wachina na Wajapani hilo hukumbusha ibada za wafu. Wathai wenyewe hula wali kwa kijiko na uma.

Hatua ya 7: Soma bili vizuri

Bei za menyu hazina kodi ndani yake. Hapa kodi ya mauzo ni karibu asilimia 8, na juu yake kuna bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Chakula cha dola 40 kitakuwa na kodi ya dola 3 na senti kadhaa. Ukiongeza bakshishi ya dola 8, jumla inavuka dola 51. Ukilipa kwa kadi utaletewa risiti mbili: kwenye moja unaandika bakshishi na jumla, unatia saini na kuiacha mezani, nyingine ni yako. Kundi la watu sita au zaidi mara nyingi hukatwa bakshishi moja kwa moja, hivyo litafute fungu hilo kabla hujalipa mara ya pili.

Bakshishi si zawadi ya hiari kama tunavyoichukulia nyumbani. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi ifikishe kima cha chini cha mshahara. Missouri inadai zaidi, yaani angalau nusu ya kima cha chini cha jimbo, lakini nusu inayobaki iko mikononi mwa mteja. Nami nimeilipa kodi ya nyumba kwa nusu hiyo.

Hatua ya 8: Omba kufungiwa kilichobaki

Sahani za hapa ni kubwa, na kufungiwa mabaki ni jambo la kawaida kabisa. Kiweke chakula kwenye friji ndani ya saa mbili, hasa wali. Kama umeagiza kuku wa korosho na unajua hutammaliza, sema tangu mwanzo mchuzi uletwe kwenye bakuli lake na korosho kando. Kesho yake pasha kuku ndani ya tanuri mpaka ngozi ya unga irudi kuwa kavu, chemsha mchuzi peke yake, umwagie mezani, na korosho zifuate dakika ya mwisho zikiwa bado zinavunjika meno yanapozigusa.