Sema "Nimeshika": kamera ya chuo mikononi mwako

Mwanafunzi mpya akija stoo kuchukua kamera, somo la kwanza ninalompa ni neno moja: "Nimeshika." Mwenzako anapokupa kamera, tia mkono mmoja chini yake na wa pili kwenye mshikio, vaa mkanda shingoni, kisha litamke kwa sauti. Anayekupa haachii mpaka alisikie. Nimewahi kuona lenzi ikianguka sakafuni kwa kuwa huyu alidhani yule ameshika, na yule alidhani huyu hajaachia. Kioo cha mbele kilipasuka, na kazi ya muhula mzima ya watu wanne ikasimama.

Wanaojifunza kwa video za ng'ambo hawaambiwi habari ya hewa yetu ya pwani, nami naiweka mbele ya mengine yote. Stoo ina kiyoyozi. Ukitoka na kamera baridi ghafla kwenye joto la saa saba mchana, lenzi inavaa ukungu papo hapo, kama gilasi ya maji ya friji inavyotoka jasho. Usiifute na usibadilishe lenzi wakati huo, maana unyevu utaingia ndani. Njia ni hii: ukiwa bado kwenye baridi, funga kamera begini, zipu mpaka mwisho. Toka nayo, iweke kivulini nusu saa hivi bila kuifungua, ipate joto polepole. Nawaambia wafike mapema, wanywe chai barazani, begi likiwa ubavuni.

Halafu chumvi. Pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, upepo wa kusi ukivuma, mawimbi yanapiga miamba na rasharasha zinafika hadi wanapokaa watu. Julai moja niliachia stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, kidogo tu nichukue betri. Upepo ukaisukuma, nikaidaka kamera kwa mkanda. Tangu siku hiyo naelekeza mguu mmoja wa stendi upande lenzi inakotazama, nashusha miguu badala ya kuinua nguzo ya katikati, na naning'iniza begi zito chini, liguse ardhi kidogo lisibembee. Tena mtu mmoja hukaa karibu na stendi wakati wote.

Mkimaliza, anza na kipulizio cha mpira. Chembe ya mchanga ukiisugua kwa kitambaa inakwaruza kioo, kwa hiyo ipeperushe kwanza. Mwili wa kamera na miguu ya stendi vipangusie kitambaa kilicholowa kidogo sana maji ya bomba yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Begi liwe na vipakiti vya kunyonya unyevu, navyo vibadilishwe. Lenzi iliyofungiwa na unyevu huota kuvu kama utando wa buibui, na kuutoa ni kazi ya fundi.

Betri usiziache ndani ya gari juani. Za akiba zivishe vifuniko, zisigusane na funguo au sarafu mfukoni. Iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiitupe jaani: niletee.

Umeme wetu ni volti 240, hauna mzaha. Ekstensheni ya kuzungushwa ikunjue yote kabla ya kuwasha taa kubwa, kwani waya uliojikunja hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Pitisha nyaya kando ya ukuta na uzibandike kwa utepe. Kwenye harusi zetu kina mama wanapita na masinia ya biriani, hawaoni miguuni. Taa za balbu ya moto ziache zipoe kabisa kabla ya kuzigusa.

Ukipiga picha Mji wa Kale huku ukirudi kinyumenyume, uwe na mwenzako nyuma, kiganja chake mgongoni mwako, akikutajia: "ngazi", "pikipiki", "mkokoteni". Jicho lililo kwenye kamera halioni hatari nyingine. Na kabla ya kuelekeza lenzi barazani kwa watu, toa salamu, omba ruhusa. Mtu akikataa, shusha kamera.

Ukirudisha vifaa, niambie kilichoanguka, hata kama kinawaka vizuri. Sitakufokea. Nitakibandika utepe mwekundu nikipime, kwa sababu kesho asubuhi kuna mwingine atakayekuja kusema "Nimeshika."