Kabla hujapaka dawa yenye kiongeza upenyaji

Dawa nyingi za kupaka na za kubandika hushindwa kupita ngozi zikiwa peke yake, kwa hiyo hutiwa kiongeza upenyaji kizifungulie njia. Ni vizuri ujue mapema kinachofunguliwa ni kitu gani.

Tabaka la juu kabisa la ngozi lina seli zilizokufa, na sehemu nyingi za mwili unene wake ni mikromita 10 hadi 20 tu. Baina ya seli hizo kumejaa mafuta ya aina tatu: seramidi, ambazo kwa uzito hukaribia nusu, kolesteroli na asidi za mafuta. Yamejipanga tabaka kwa tabaka, mikia ya molekuli zake imenyooka na kubanana. Kubanana huko ndiko kunakozuia maji ya mwili yasipotee na vitu vya nje visiingie.

Sasa soma lebo uone kiongeza gani kimetiwa, kwa mfano asidi ya oleiki. Asidi ya steariki na asidi ya oleiki zote zina kaboni 18, ila ya kwanza imenyooka na ya pili imepinda katikati, kwenye kaboni ya 9. Oleiki ikijipenyeza kwenye safu hizo, mikia jirani haiwezi tena kubanana; inalegea, na njia inapatikana. Kwangu mimi hili ni la kustaajabisha: ukuta mzima unalegezwa na kipindo kimoja! Ethanoli hufanya vingine, huyeyusha sehemu ya mafuta na kuondoka nayo. Urea nayo, kazi yake kubwa ni kuvuta maji.

La kuzingatia kuliko yote ni kwamba njia ikishafunguka haichagui mpitaji. Dimethili salfoksaidi, ambayo nayo ni kiongeza upenyaji, ikipakwa mkononi, mtu anaweza kusikia ladha kama ya kitunguu saumu mdomoni baada ya muda mfupi. Basi manukato, dawa ya wadudu au losheni iliyokuwa pale pale nayo inaweza kupata upenyo. Kabla ya kupaka, osha mahali hapo, kausha vizuri, na usichanganye dawa mbili bila kumuuliza mfamasia.

Angalia pia mahali unapopaka. Kope, uso na korodani hupitisha dawa nyingi kuliko mkono, na penye mchubuko au ukurutu kinga imeshapungua tayari. Usifunike kwa plastiki kama hukuambiwa, maana unyevu nao hulegeza. Kwa mtoto mchanga tahadhari iwe kubwa zaidi: ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake.

Mafuta yaliyovurugwa hurudi, lakini hayarudi saa hiyo hiyo. Ngozi ya kijana inaweza kuchukua siku kadhaa kujirekebisha kabisa. Ya mzee huchelewa zaidi. Katika siku hizo usiisugue, na kama unatumia kibandiko, kipya kisiwekwe pale ulipobandua cha zamani, kihamishie sehemu nyingine.