Kupima ANA: usiogope karatasi kabla hujajua kuisoma

Haya somo, ANA ni kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazougeukia mwili wenyewe, kama kwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wake. Na kina dada nisomeni vizuri mana kwa lupasi kama wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

Hatua ya 1, usikimbilie maabara. Andika dalili na tarehe zake: viungo kufura na kukaza asubuhi zaidi ya saa nzima, upele wa mashavuni unaozidi ukipigwa na jua, vidonda mdomoni, mkojo wa povu. Muulize daktari na chikungunya pia, ile iliyotupiga Mombasa mwisho wa 2017 kuingia 2018 iliwaacha watu viungo vinauma miezi na miezi na wala haikuwa lupasi.

Hatua ya 2, taja dawa zote unazokunywa. Isoniazidi ya TB na hidralazini ya presha zaweza kuleta ANA pozitivu. Usiziache, zitaje tu.

Hatua ya 3 ni damu kidogo ya mkononi, huna haja ya kukaa na njaa. Uliza bei mapema, na kama sampuli yapimwa hapahapa au yatumwa Nairobi.

Hatua ya 4, majibu, na hapa ndo watu wanalia bure jamani. 1:80 ni kwamba damu imezimuliwa mara 80 na kingamwili bado zaonekana, kwa hivo 1:640 ndo nyingi zaidi. Lakini hata kwa watu wazima wa afya, kama 1 kati ya 20 hutoka pozitivu kwenye 1:160! Dalili zikiingiana ndo daktari anaongeza vipimo vya kingamwili nyengine, anti-dsDNA na anti-Sm za lupasi, au anti-CCP akishuku baridi yabisi. Na mkojo upimwe protini, usikubali kuondoka bila hicho, mana lupasi hula figo kimyakimya.

MASWALI

Dada wa Likoni: Mamangu ana 1:80, hana dalili yoyote, arudie kila miezi mitatu?
Jibu: Hapana dadangu, ANA hairudiwirudiwi hivo. Akianza dalili ndo amuone daktari.

Kaka wa Kisauni: Rumatoidi fakta yangu, kile kipimo chengine cha damu cha baridi yabisi, ni pozitivu, basi ni baridi yabisi?
Jibu: Si lazima kaka, hata hepataitisi C au TB zaweza kuipandisha. Omba anti-CCP, hiyo haidanganyi sana.

Mama wa Changamwe: ANA negativu na vidole bado vyafura?
Jibu: Lupasi hapo ni nadra sana mama, lakini baridi yabisi yaweza kuwepo hata vipimo vyote vya damu vikiwa negativu. Rudi, waviangalie hivo vidole vyenyewe.