Jinsi ya Kuchagua na Kuonja Mafuta ya Ufuta

Mafuta ya ufuta, ambayo Wakenya wengi huyaita ya simsim na wazee wa mwambao huyaita uto, hutofautiana zaidi kwa moto kuliko kwa nchi yanakotoka. Mbegu zikikamuliwa mbichi hutoa mafuta ya manjano hafifu yenye harufu ya upole, ilhali zilizokaangwa kwanza hutoa mafuta ya hudhurungi ambayo harufu yake huenea jikoni mara kizibo kinapofunguliwa. Wakamuaji wa Tamil Nadu, kusini mwa India, hutia sukari guru ya mvumo, mti wa jamii ya mitende, kinuni wakati wa kukamua, na ndiyo sababu mafuta yao huwa na utamu wa mbali. Wajapani na Wakorea wanajulikana zaidi kwa yale yaliyokaangwa.

Dukani, usishawishiwe na weusi wa rangi, kwa kuwa mafuta meusi sana huenda yametokana na mbegu zilizoungua. Soma lebo uhakikishe kwamba ni ufuta mtupu, kisha chagua chupa ya kioo cheusi iliyokaa mbali na mwanga. Niliwahi kununua chupa nyeupe iliyokuwa imepangwa dirishani penye jua. Ilipendeza kwa macho, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha kuchacha. Ukinunua kwa mkamuaji mdogo, machicha kidogo chini ya chupa si kasoro: yaache yatuame.

Kuonja kunahitaji utulivu na vikombe vidogo vya kahawa. Mimina kijiko kimoja cha chai katika kila kikombe, funika kwa kiganja, na ukishike kwa mkono mwingine kwa dakika moja hivi ili mafuta yapate joto. Nusa kwanza. Kisha chukua tone la kutosha kufunika ulimi, vuta hewa kidogo kupitia katikati ya meno, ndipo umeze. Anza na mafuta mepesi umalizie na yaliyokaangwa zaidi, kwani ukigeuza mpangilio huo hutasikia chochote katika yale mepesi. Kati ya kikombe na kikombe, tafuna tonge la wali mweupe na unywe maji ya uvuguvugu. Mafuta mabichi mazuri hukumbusha mbegu iliyotafunwa ikiwa mpya, na yaliyokaangwa vyema hukumbusha kashata ya ufuta inapoepuliwa. Uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi ni dalili ya kuunguza, na mkwaruzo wa kooni wenye harufu ya karanga zilizosahauliwa guniani ni dalili ya kuchacha. Mwenye mzio wa ufuta, bila shaka, asishiriki zoezi hili.

Ukishuku kwamba yamechanganywa na mafuta ya mawese, weka kiasi kidogo kwenye jokofu usiku kucha. Ufuta mtupu haugandi kwa baridi hiyo, lakini mawese hufanya ukungu mzito au kuganda. Jaribio hili halitafichua mchanganyiko wa alizeti, ambao nao hubaki majimaji.

Yale mabichi yatumie kukaangia. Yaliyokaangwa yanyunyize baada ya kuepua chakula, kwa sababu moto mwingi hupoteza harufu uliyoilipia. Haya ya pili yanunue katika chupa ndogo, maana kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria nzima ya mchicha.