Una Passo, unataka kutopu uchukue RAV4 au Harrier? Fuata hatua hizi kabla hujaenda yadi

"Kaka, nina Passo namba D, nataka kutopu nichukue Harrier, nifanyeje?" Kutopu ni kuiacha gari yako yadi, ukaongezea hela na kuondoka na nyingine. Nikirudisha swali, nagundua muulizaji ana namba moja tu kichwani: kiasi alichotajiwa yadi cha kuongezea. Hiyo unailipa mara moja ikaisha. Zipo nyingine utakazozilipa kila mwezi mpaka uiuze gari, na hizo ndizo zinazowafanya watu wapaki SUV nyumbani na kupanda daladala kuanzia tarehe 15.

Majuzi nimemaliza kumsaidia dada mmoja anayekaa Goba, mwenye watoto watatu na Passo ya kizazi cha kwanza (KGC10). Mifano mingi hapa ni ya kwake. Nimeandika kwa mtu wa Dar. Wa mikoani abadilishe umbali na bei ya mafuta.

Hatua ya 1: Andika gari ndogo inakushinda wapi

Usiandike "nimechoka na bebi woka." Andika mahali na tukio. Dada wa Goba aliandika matatu: mlima wa kuingilia kwake wakati wa masika, safari ya Moshi kila Desemba na mizigo yake, na watoto kubanana nyuma.

Chukua orodha hiyo uipambanishe na gari unayoitamani, kipengele kwa kipengele. Hapa ndipo wengi wanashtuka. Harrier ina viti vitano, kama Passo. Watoto wako watatu watakaa kwa raha zaidi, lakini bibi akija kutoka kijijini bado hana kiti. Kama shida yako ni idadi ya watu, tafuta Vanguard ya viti saba au X-Trail T32 ya viti saba, na ukubali kwamba safu ya tatu ni ya watoto na ikikaliwa, sehemu ya mizigo imekwisha.

Kimo nacho kinadanganya macho. Passo iko sentimita 15 au 16 kutoka ardhini, Harrier Tako la Nyani (ile ya kizazi cha pili) ni 18 hivi. Tofauti ni vidole viwili. RAV4 na X-Trail ziko karibu na 20, CX-5 ni 21. Dada alikuwa amejiandaa kwa Harrier. Baada ya kuziona hizi namba alihamia RAV4 siku hiyohiyo, kwa sababu tatizo lake la kwanza lilikuwa mlima na makorongo, na muonekano ulikuja mwisho.

Hatua ya 2: Rudisha gari ndogo katika hali yake

Passo yenye shokapu zilizokufa, bushi zilizoisha na tairi zilizolainika inagusa kila tuta na kuteleza kila tope. Itengeneze kwanza. Utaihukumu kwa haki, na hata ukiamua kuiuza utaiuza kwa bei nzuri zaidi. Kuna watu wameishia hapa wakaridhika.

Hatua ya 3: Pima mafuta, kwa lita na si kwa hisia

Hatua hii inachukua muda kuliko zote, na ndiyo inayoamua. Tatizo linaanzia kwenye tabia yetu ya kujaza. Ukiweka ya elfu ishirini leo, ya elfu kumi keshokutwa, kila sheli utakayokutana nayo, utajua umetumia shilingi ngapi lakini hutajua gari imekula lita ngapi kwa kilomita ngapi. Mtu anakwambia "Passo yangu inakwenda 20 kwa lita." Ameisoma mahali, au aliiona kwenye dashibodi siku moja akiwa barabara ya Bagamoyo usiku. Namba ya dashibodi mara nyingi inaipendelea gari; mimi siitumii kabisa. App za simu pia siziamini, kwa sababu ukisahau kujaza taarifa ya siku moja hesabu yote inaharibika na huoni ilipoharibikia. Nataka daftari dogo na kalamu ndani ya gari.

Inafanyika hivi. Jaza fulu tenki. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka chini ya nusu tenki, kisha jaza fulu tena. Lita ulizowekewa mara ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo.

Sasa mambo yanayoiharibu hesabu hii:

Fulu lazima iwe fulu ileile. Bomba likijikata mara ya kwanza, mwambie kijana wa pampu aache papo hapo. Mazoea yao ni kuendelea kuminya kidogokidogo ili hesabu ifike elfu kamili, na kwenye tenki la Passo la lita 40 hizo lita moja mbili za ziada zinatosha kukupotosha. Jaza sheli ileile, pampu ileile, gari ikiwa imesimama upande uleule, kwa sababu sakafu nyingi zina mteremko na tenki linajaa tofauti gari ikiinama.

Usipime kwa robo tenki. Kadiri lita zinavyokuwa chache ndivyo kosa dogo la pampu linavyokua. Rudia kipimo mara kadhaa, kisha chukua wastani.

Usichanganye foleni na safari. Wiki uliyoenda Chalinze iandike ukurasa wake. Kama maisha yako ni Goba, Makongo, Mwenge, mjini na kurudi, namba unayoitafuta ni ya Goba, Makongo, Mwenge, mjini na kurudi, AC ikiwa imewaka kama unavyoiwasha siku zote.

Kama umebadilisha saizi ya tairi, kihesabu cha kilomita hakisemi kweli tena. Tairi kubwa zaidi ya ile ya kiwandani huzunguka mara chache kwa umbali uleule, kwa hiyo gari itaonekana imetembea pungufu na ulaji utaonekana mbaya kuliko ulivyo. Angalia pia upepo wa tairi, plagi na ea klina kabla ya kuanza, la sivyo utakuwa unapima ugonjwa.

Halafu kuna hili ambalo wauza magari madogo hawalisemi: injini ya Passo ya silinda tatu, cc 996, ikibeba watu watano na mizigo kupanda mlima na AC, inakanyagwa mpaka mwisho. Faida yake ya mafuta inapungua sana. Kama kila siku unabeba familia nzima, pima ukiwa na familia nzima.

Hapo ni gari unayoimiliki. Gari usiyoimiliki je? Tafuta mtu mwenye injini hiyohiyo na njia inayofanana na yako. Usimuulize "inakwenda kilomita ngapi kwa lita," maana kila mtu anaitetea gari yake. Muulize anaweka shilingi ngapi kwa wiki na anakwenda wapi na wapi. Hapo hana sababu ya kupamba. Uliza wawili watatu. Hakikisha ni injini ileile kweli: Harrier Tako la Nyani ya ACU30 ina injini ya lita 2.4, ya MCU30 ina ya lita 3.0 ya silinda sita, na kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi.

Passo ya dada ilitoka 14 kwa lita kwenye foleni zake. Gari za 2.4 nilizopima katika mazingira ya aina hiyo zinacheza 7 hadi 9, kwa hiyo tulichukua 8. Anatembea kilomita 1,200 kwa mwezi: Passo lita 86, RAV4 lita 150. Tofauti lita 64. Chukua bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ambayo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kurahisisha tuliweka shilingi 3,000 kwa lita, ikawa 192,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 2.3 kwa mwaka. Dada aliitazama hiyo namba kimya, akaifunika kwa kiganja, akauliza, "Hii ni juu ya ile ninayoweka sasa, au yote kwa pamoja?" Ni juu ya ile. Aliondoka akarudi baada ya kuongea na mumewe.

Hatua ya 4: Gharama nyingine

Road license ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo anayekunywa mafuta zaidi ndiye anayelipa zaidi, na umeshaihesabu hapo juu.

Bima: wengi wenye Passo wanakata bima ndogo. Ukiwa na gari ya milioni 30 utataka kubwa. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 3.5 ni 1,050,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 1,239,000 kwa mwaka.

Tairi: kutoka zile ndogo za Passo kwenda saizi kama 225/65R17. Ulizia bei ya nne kwa pamoja, si moja. Oili: injini ya Passo inachukua lita 3 hivi, 2.4 inachukua 4 na ushee.

Hatua ya 5: Kodi hiyo gari kubwa kwa siku chache

Siku za kazi, na wikiendi moja. Ipitishe geti lako, ipaki kazini kwako, panda mlima wako. Hakuna ushauri wangu unaozidi hili.

Hatua ya 6: Chagua injini kabla ya rangi

Msimamo wangu: kwa mtu anayetoka cc 1,000, chukua 2.0 kama mfuko unaruhusu. Harrier Anaconda (kizazi cha tatu, ZSU60) yenye injini ya 2.0 ya 3ZR ni gari nzuri sana, bei ndiyo tatizo. Ya 3.0 usiiguse, mbali na mafuta, injini yake ya 1MZ-FE inatumia mkanda wa taimingi na wauzaji wengi hawajui ulibadilishwa lini.

2.4 ya 2AZ-FE, inayokaa kwenye RAV4, Vanguard na Tako la Nyani, ni imara na spea zake zipo kila kona ya Kariakoo. Ila za mwanzo zinajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kuachia na maji kuanza kuvuja upande wa nyuma wa injini, na zilizotoka kuanzia karibu 2006 zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Si zote, ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

X-Trail T31 ya 2.0 inakula vizuri, lakini gia boksi yake ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) na inataka oili yake ya NS-2. Kama mwenye gari anasema "niliweka ATF ya kawaida," yaani oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, aga uondoke.

4WD kwa mtu wa lami ni uzito na mafuta ya bure. Kwa mlima wa Goba, dada alichukua 4WD, na nilimuunga mkono.

Kama unaagiza Japani, tumia kikokotoo cha TRA kwanza. Ushuru wa bidhaa ni sifuri kwa gari isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 mpaka cc 2,000 na asilimia 10 zaidi ya hapo, na gari yenye zaidi ya miaka 10 inaongezewa asilimia 30 ya uchakavu.

Hatua ya 7: Kagua injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na gari isiwashwe. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Yadi moja tulikuta boneti ya moto saa mbili asubuhi, tukaambiwa gari imetoka kuoshwa. Tuliondoka. Injini inayokula oili au yenye kelele za cheni inajificha ikishapata moto.

Ikiwa baridi: chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango na rangi. Fungua rejeta kabla ya kuwasha: maji yenye mafuta juu, simama hapo. Simamisha mtu nyuma ya ekzosi, washa, aangalie moshi wa bluu. Acha injini iungurume dakika kadhaa, kisha kanyaga na kuachia. Moshi wa bluu ukirudi, hiyo ni oili. Kupima kwa kompyuta kufuate baadaye. Kompyuta haioni ringi zilizochoka.

Hatua ya 8: Kutopu au kuuza mwenyewe?

Uza mwenyewe. Passo inauzika haraka mno kuiachia yadi kwa bei ya hasara. Kama huna muda, uliza bei mbili za gari unayoitaka: ya keshi, na ya kubadilishana. Tofauti ya hizo mbili, jumlisha walichopunguza kwenye Passo yako, ndiyo gharama halisi ya kutopu. Andika mbele yao, mara nyingi hushuka.

Hatua ya 9: Makaratasi ya pande zote mbili

Gari unayonunua: ingiza namba kwenye mfumo wa faini za trafiki, kisha kwenye mfumo wa TARURA wa maegesho. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi, kwa macho yako.

Gari unayouza: usimkabidhi mtu kadi kwa ahadi kwamba "nitabadilisha jina wiki ijayo." Nendeni TRA pamoja mkiwa na mkataba wa mauzo, kadi halisi na TIN zenu. Faini na deni la maegesho vinafuata namba ya gari, na namba hiyo ina jina lako. Kwenye mkataba andikeni tarehe na saa ya kukabidhiana, na nakala yake ikae nawe mpaka umiliki uhame kwenye mfumo.