Somo: Namna ya kutafuta na kutunza santuri za waimbaji waliosahaulika, Tabora na Kigoma

Ndugu wanachama, wengi mmeniuliza naanzia wapi. Niseme mapema kwamba sitafuti majina makubwa. Hayo yana wenyewe, na walio na santuri zao wanazijua bei. Mimi natafuta sauti za watu walioimba nyimbo mbili tatu wakarudi kwenye shughuli zao, na jina likapotea.

Hatua ya 1: Jua kilichotoka kwetu

Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Kigoma kulikuwa na Lake Tanganyika Jazz, alikoanzia Shem Karenga kabla ya kuja Tabora Jazz. Nyingi utakazokutana nazo ni santuri ndogo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, zilizochapwa Nairobi. Wimbo uliotegemewa kuuza uliwekwa upande A. Mimi hugeuza B kwanza, maana huko ndiko mwimbaji asiyejulikana alikopewa nafasi. Zile nzito za inchi 10, mizunguko 78, ni za zamani zaidi na huvunjika kama kigae. Mkiwa Kigoma msizipite za Kongo. Santuri za Ngoma na Loningisa, kampuni za kurekodi za Léopoldville (leo Kinshasa), zinastahili kubebwa hata zikiwa na mikwaruzo.

Hatua ya 2: Nenda majumbani

Nimepata nyingi kwa wastaafu wa reli kuliko sokoni. Piga hodi, amkia, kaa, ulizia habari za nyumbani. Ukianza na bei umeharibu.

Isevya, hapa Tabora, kuna bibi aliyenitolea boksi la viatu kutoka uvunguni. Ndani santuri saba. Nilikuwa na pleya yangu ya betri, nikaweka moja ambayo lebo yake ilikuwa imefifia, limebaki jina la bendi tu. Sauti ilipoingia akaacha kuchambua mchele. "Huyu siye mnayemdhania," akasema. "Huyu kijana wa mtaa wa Cheyo, mchana alikuwa akishona suruali." Akanitajia jina lake, la baba yake, na sababu ya kuacha bendi. Lebo isingenipa hayo hata ingekuwa mpya. Kwa hiyo daftari na kalamu ni vifaa vya kazi hii sawa na pleya. Andika palepale, usingoje ufike nyumbani.

Hatua ya 3: Isome sahani (santuri) yenyewe

Lebo zetu mara nyingi zina jina la bendi na, kwenye mabano, la mtunzi. Mtunzi si lazima awe ndiye aliyeimba. Wengi hukosea hapa wakawapa watu sifa zisizo zao. Kisha inamisha sahani dirishani, mwanga uipige kwa ubavu. Pale mifereji inayopitiwa na sindano inapoishia, kabla ya lebo, utaona namba zilizokwaruzwa kwa mkono au kugongwa. Lebo ikibanduka, namba hiyo inabaki. Inakili pande zote mbili. Na kama mwenye nayo aliandika jina lake kwa kalamu, usilifute.

Hatua ya 4: Osha

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikatishe. Lebo isilowe. Suuza kwa maji ya betri, ila soma chupa vizuri uhakikishe ni maji na si asidi. Kausha kivulini, imesimama.

Za 78 usizipake spiriti kabisa. Niliwahi kufanya hivyo. Uso wote ukayeyuka na kunata kama gundi, na ule wimbo sijaupata tena hadi leo.

Hatua ya 5: Sindano

Mifereji ya 78 ni mipana, inataka sindano yake. Sindano butu huchonga sahani kila unapopiga, kwa hiyo badili sindano kabla ya kununua santuri nyingine.

Hatua ya 6: Hifadhi

Zisimamishe wima, mbali na joto la bati, kwenye rafu isiyogusa ukuta. Mchwa huanza na bahasha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Nipo Urambo. Santuri mbili zilikaa ndani ya gari zikapinda. Nizianike juani katikati ya vioo?*

Marahaba mwanangu. Joto ndilo lililozipinda, usilirudie. Ziweke katikati ya vioo viwili ndani ya nyumba, juu yake vitabu vizito, wiki kadhaa. Zitanyooka kiasi tu. Kama sindano hairuki, zipige hivyohivyo.

*Mimi ni dada wa Ujiji. Natafuta santuri ya wimbo aliopenda marehemu baba. Nimeusikia redioni tu.*

Pole, dada. Huenda santuri haipo. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilirekodi bendi kwenye tepu katika studio yake, na nyimbo nyingi hazikufika kwenye sahani. Tena mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 hadi 1983, na kuchapisha kulikuwa Nairobi. Ulizia kwanza wimbo ni wa miaka gani. Tepu za RTD ziko TBC, anzia huko.

*Mwenye nazo hataki kuuza. Nifanyeje?*

Usimsukume. Omba kunakili. Unganisha pleya na kompyuta kwa waya, usirekodi kwa kipaza sauti cha simu, halafu mwachie nakala kwenye flashi. Sahani ikibaki kwake ni salama kuliko ikibebwa kwa shingo upande.

*Mzee, yule kijana wa Cheyo ulimpata?*

Alishafariki. Nilimpata binti yake, mama wa makamo, ambaye hakujua kuwa baba yake aliwahi kuimba. Nikampelekea pleya. Upande A aliusikiliza amesimama mlangoni. Nilipogeuza B alivuta kiti, na tukaupiga ule wimbo mara nne.