Josho, kupe na ndigana kali: utaratibu wa enzi za ukoloni na namna ya kuutumia leo

Mfugaji wa Siha au Usa River anayeswaga ng'ombe wake kwenda joshoni anafuata utaratibu ambao asili yake ni msiba uliotokea mbali na hapa. Mwaka 1901 na 1902, ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walisafirishwa kwa meli hadi Beira, Msumbiji, na kuingizwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ili kujaza mazizi yaliyoachwa matupu na sotoka, tauni ya ng'ombe. Pamoja nao ilisafiri ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na ng'ombe wa huko, ambao hawakuwahi kukutana nayo, wakafa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1903 Robert Koch, mtaalamu wa vijidudu kutoka Ujerumani, aliitwa Bulawayo kuuchunguza ugonjwa huo. Daktari wa mifugo Arnold Theiler alikieleza kijidudu chake mwaka uliofuata, na huko Natal, Afrika Kusini, daktari wa mifugo Herbert Watkins-Pitchford akaonyesha kwamba kuogesha ng'ombe katika maji yenye sumu ya aseniki, kila baada ya siku 3 au 5, kunaweza kuikata njia ya maambukizi. Idara za mifugo za kikoloni, ikiwemo ya Tanganyika, zilijenga kazi yao juu ya msingi huo: josho, karantini na kibali cha kuhamisha mifugo.

Hesabu ya siku ndiyo sehemu ambayo wengi wetu tunaichukulia kwa wepesi. Kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia hunyonya mara tatu katika maisha yake, kila mara kwa mnyama mwingine, na vijidudu alivyovipata katika hatua moja huvipitisha katika hatua inayofuata. Anapojishika kwenye sikio, vijidudu vilivyo katika tezi zake za mate huchukua takriban siku 3 au 4 kukomaa kabla ya kuingia kwa wingi mwilini mwa ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji anayeogesha "nikipata nafasi" hulipia dawa bila kupata kinga, kwa kuwa kati ya kuogesha huku na kule kupe amepata muda wa kutosha kumaliza kazi yake. Kwa ng'ombe wa kisasa na machotara wanaotoka bandani kwenda malishoni, shikeni siku moja ya wiki isiyobadilika, na msimu wa mvua, kupe wanapozidi, fupisheni muda kwa kufuata maelekezo ya dawa na ya afisa mifugo wenu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wataalamu wa enzi zile walichelewa kulipa uzito, na ambalo hadi leo linatugharimu. Wafugaji wa Kimaasai, wanaouita ugonjwa huu oltikana, wamejua tangu zamani kwamba ndama aliyeugua akapona haugui tena kwa urahisi. Kundi la ng'ombe wa asili linaloishi na kupe mwaka mzima hujijengea kinga tangu utotoni, ingawa hupoteza baadhi ya ndama. Ukianza kuliogesha kwa ukamilifu, ndama hukua bila kukutana na ugonjwa, na siku josho litakapokauka utakuwa na ng'ombe wazima wasio na kinga yoyote. Hayo yametokea mahali pengi nchini majosho yalipoharibika na dawa kukosekana. Ninasisitiza kwa nguvu zote: usianze kuogesha kundi kubwa la ng'ombe wa asili kila wiki kama huna hakika ya dawa na maji kwa miaka ijayo.

Njia iliyo salama zaidi kwa kundi la namna hiyo ni chanjo ya ndigana kali, ambayo msingi wake uliwekwa na watafiti wa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na ambayo wafugaji wengi wa Arusha na Manyara wanaifahamu. Ndama huchomwa vijidudu hai pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini inayofanya kazi kwa muda mrefu, akaugua kidogo na kubaki na kinga kwa miaka mingi. Chanjo hiyo hutunzwa ikiwa imegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, na ikishayeyushwa haina budi kutumika siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo majirani wakusanye ndama wao pamoja kabla ya kumwita mtaalamu. Chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyo.

Kuhusu josho lenyewe, hitilafu kubwa niliyoikuta mara nyingi ni dawa iliyozimuliwa. Katika kijiji kimoja niliona mfereji wa paa uliotoboka ukimwaga maji ya mvua moja kwa moja ndani ya josho, huku wafugaji wakilalamika kwamba dawa ni feki. Tumieni kijiti chenye alama kupima kina cha maji kabla na baada ya kuogesha, andikeni idadi ya ng'ombe waliopita, kisha mwongeze dawa kwa kiwango cha kurudishia kilichoandikwa kwenye kifungashio, kwa kuwa manyoya huondoka na dawa nyingi kuliko sehemu yake katika maji. Koroga josho vizuri, na ng'ombe wa kwanza waliosaidia kukoroga wapitishwe mara ya pili. Wanyweshe kwanza, wasije wakanywa maji ya josho kwa kiu.

Majosho ya zamani yaliyoachwa yanahitaji tahadhari ya pekee. Aseniki haiozi, na udongo wa pale matope ya josho yalipokuwa yakitupwa unaweza kuwa na sumu hadi leo, hata kama magugu yameota vizuri. Usilime mchicha hapo, usichimbe kisima karibu, wala usichukue udongo wa kufyatulia matofali.

Mwisho, zoea kushika tezi. Simama pembeni mwa ng'ombe, pitisha vidole chini ya sikio hadi kwenye taya, kisha mbele ya bega. Tezi ya kawaida huteleza kama kipande kidogo cha embe bichi chini ya ngozi, lakini yenye ndigana huvimba, na mara nyingi huanza upande wa sikio aliloumwa. Ukiikuta hivyo na kipimajoto kikasoma zaidi ya nyuzi 39.5, ita mtaalamu siku hiyohiyo. Dawa ya buparvakwoni hufanya kazi vizuri katika siku za mwanzo. Ng'ombe akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, matumaini huwa madogo.